Kichogo cha Kuombea Radhi

Kama kuna kitu Bwana Orikasa Tetsuo alikichukia kuliko vyote duniani, ni yokan. Wala haikuwa chuki ya mtu aliyeshiba. Kilikuwa kinyaa hasa, cha kumjaza mate mdomoni na kumfanya ayameze kwa shida. Ile jeli nzito ya maharage mekundu, iliyopikwa na sukari mpaka ikawa nyeusi, imelala ndani ya sanduku lake la karatasi ngumu, ukiitikisa haitikisiki! Alikuwa akiinunua miaka nenda miaka rudi katika duka lile lile karibu na stesheni ya Utsunomiya, na mwenye duka alishaacha kumuuliza anataka nini. Alimuuliza tu, "Leo kosa kubwa au dogo?" Kosa dogo lilikuwa na sanduku la kawaida. Kosa kubwa lilikuwa na lile la kushikwa kwa mikono miwili.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kiwanda chao kilitengeneza kebo za nyuzi za kioo, zile zinazopitisha mwanga chini ya ardhi na kuwaletea watu simu, picha na porojo zao majumbani. Bwana Orikasa alikuwa mtu wa kuomba radhi wa kiwanda hicho. Kebo ikichelewa kufika, aende Orikasa. Lori la kampuni likigonga ukuta wa mtu, aende Orikasa. Anavaa suti nyeusi, anahakikisha soksi hazijatoboka, anabeba sanduku, anafika, anavua viatu, anainama. Hainuki mpaka mwenye hasira aseme neno. Neno likiwa tusi, anazidi kuinama. Na sanduku halitolewi mapema hata kidogo, maana ukilitoa kabla ya kusamehewa utaonekana umekuja kumhonga mtu kwa maharage.

Alizijua sakafu za nusu ya nchi. Alijua harufu ya mikeka iliyolala na unyevu, ya zulia la ofisi lililomwagiwa kahawa, ya slipa za wageni zilizovaliwa na miguu ya watu asiowajua. Mtu akikaa pua chini kwa miaka mingi hivyo, hakosi kuchafuka roho.

Kazi hiyo hakuisomea. Alitoka Iwate akiwa kijana, akaajiriwa kwenye mashine ya kupaka rangi. Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele na nyuzi zote zinafanana, kwa hiyo kila mmoja hupakwa rangi yake, ili fundi atakayeufungua mwisho wa kebo, mji wa mbali huko, ajue upi ni upi. Orikasa aliipenda kazi ile. Alirudi nyumbani na rangi ya waridi kwenye kucha na hakuona haya, na mkewe Sumie ndipo alipompendea, au ndivyo alivyodai baadaye walipokuwa wakigombana.

Kilichomponza ni kichogo. Nywele zilimkimbia mapema, tena zikaanzia nyuma, ikabaki shingo nyembamba yenye mishipa miwili na kishimo katikati. Siku moja mkuu wake wa wakati huo alimbeba kwenda kwa mteja aliyefura kwa hasira, ili tu wawe watu watatu, maana watatu huonekana wametubu zaidi. Orikasa akainama. Mteja akakitazama kile kichogo, akashusha pumzi, akasema, "Basi, basi. Mwinueni huyo maskini."

Kwenye gari mkuu hakuficha furaha yake. "Bwana Orikasa, kichogo chako kina huruma! Ulikuwa umekificha wapi siku zote hizi?"

Akapandishwa cheo, kama walivyosema wenyewe. Akatolewa kwenye mashine na rangi zake, akapewa meza yake peke yake katika orofa ya pili, karibu na mlango wa choo. Kila aliyekwenda haja alimsalimia akienda na akamsalimia akirudi, na wengine walimpiga begani kwa mkono ambao haujakauka.

Masanduku yaliyokataliwa aliyarudisha nyumbani. Sumie hakupenda kutupa chakula, kwa hiyo aliwagawia majirani, na majirani wakaelewa mambo. "Naona jana hamkusamehewa," walimwambia dirishani, wakipokea kipande chao. Sumie, aliyekuwa akipika kwenye duka la vyakula vya kufunga, hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. "Wenzangu wameolewa na wanaume," aliwajibu. "Mimi nimeolewa na kichogo."

Basi mambo yangeishia hapo, Orikasa angeinama mpaka astaafu na dunia isingepungukiwa na kitu, lakini nyuzi ziliongezeka.

Chini ya miji kumejaa. Mabomba yaliyozikwa zamani kwa ajili ya nyaya za simu yamebanana, kuchimba barabara upya ni gharama na kesi, na huku kila nyumba inataka filamu tatu kwa wakati mmoja. Akili yote ya kiwanda ikaelekezwa kwenye jambo moja, kuongeza nyuzi bila kunenepesha kebo. Wakapunguza koti la plastiki la kila uzi. Zamani walizigandisha nyuzi bega kwa bega, zikawa utepe mgumu kama rula. Sasa wakazigandisha kwa nukta tu, hapa na pale, utepe ukawa laini, ukakunjika na kujaza kila pembe. Wakaitoa ile grisi ya kuzuia maji iliyokuwa ikinata mpaka kwenye nyusi za mafundi, wakaweka unga mkavu. Mpaka hapo hata Orikasa aliona ni kazi nzuri. Aliwahi kuishika kebo mpya isiyozidi kidole gumba, akaambiwa idadi ya nyuzi zilizomo, akatamani kurudi kwenye rangi zake.

Lakini furaha hiyo ilimtokea puani. Zamani kebo ikileta shida, ulizimika mtaa mmoja na ukaombwa radhi mtaa mmoja. Sasa kebo moja nyembamba ilibeba mji mzima, na mji mzima ulikuwa ukimsubiri mlangoni. Kadiri nyuzi zilivyosongamana, ndivyo na radhi zilivyosongamana.

Na juu ya yote alikuwapo Sagawa, mkuu wa idara ya kebo mpya. Huyu alikuwa mtu wa kulamba kidole gumba kabla ya kufunua karatasi, kisha akakupa karatasi hiyo uisome. Alifyonza meno akifikiri. Kijiti chake cha kuchokolea meno alikiweka mfuko wa shati baada ya chakula, akakitumia tena saa kumi. Mezani kwake palikuwa na kipande cha kebo kilichokatwa na kuzamishwa kwenye gundi ya kioo, nyuzi zikionekana zimejazana nukta kwa nukta, na hakuna mgeni aliyetoka ofisini humo bila kusukumiwa kipande hicho usoni.

"Hesabu, kama unaweza!" alisema Sagawa. "Unaona nafasi yoyote hapo? Nafasi ni uvivu. Ukiona nafasi ndani ya kebo, ujue kuna mtu hakufanya kazi."

Kumbe nafasi ina kazi yake. Hilo kiwandani alilijua hata mfagizi. Plastiki ikipigwa na baridi hujikunyata, na uzi wa kioo haujikunyati. Uzi ukikosa pa kujisogeza hupindapinda humo ndani, na penye pindo mwanga huvuja. Ndiyo maana palikuwa na chumba cha baridi, ambamo kila kebo mpya hulazwa na kugandishwa huku mwanga ukipimwa, kabla haijaenda kuzikwa kwa watu.

Kebo ya Sagawa ilipouzwa kwa mji wa Tsurunuma, huko milimani, idara nzima ilikwenda kusherehekea kwenye duka la gyoza. Mabomba ya Tsurunuma yalikuwa yamebakiwa na upenyo mmoja mwembamba, na hakuna kebo nyingine ya kutosha mji ule ambayo ingeingia humo. Sagawa alikaa katikati, akitia kile kitumbua cha nyama na kabichi mdomoni kizima kizima, mafuta yakimteremka kidevuni, akiongea huku anatafuna. Bia ya tatu ilipomkolea akagonga meza.

"Mnaijua siri ya kebo yangu, nyie?"

"Tuambie, Mkuu!"

"Kile chumba cha baridi! Nilikiambia, wewe, usijitie Siberia hapa. Shuka mpaka pale panapopendeza, kisha simama hapo hapo!"

Wakacheka mpaka wakapigana mabega.

"Na Tsurunuma kukizidi baridi, Mkuu?" mmoja aliuliza.

"Watavaa soksi!"

Wakacheka tena, na Orikasa naye akacheka. Kisha akaona meno yake mwenyewe kwenye kioo cha dirisha, akafunga mdomo. Gyoza iliyokuwa kwenye sahani yake imepoa, mafuta yake yamegeuka meupe, na hakuweza kuimaliza.

Asubuhi yake hakuna aliyelitaja neno lile. Ndivyo ilivyo huko. Linalosemwa kwenye bia hufia kwenye bia. Jana mtu amemwambia mkuu wake kwamba ni nguruwe, leo wanakutana kwenye ngazi, wanainamiana, na hakuna aliyesikia kitu. Desturi hiyo imeokoa urafiki mwingi, sikatai. Imefunika na uozo mwingi pia, tena uozo wenye wadudu, na watu wazima wenye vyeti wakaukalia juu na kunywa chai.

Baridi ikaja. Tsurunuma kila asubuhi ya barafu ikawa inakatika, simu na mtandao pamoja, na jua likipanda inarudi, kesho yake vivyo hivyo. Zahanati ya mji haikuwa na daktari siku za kazi. Wagonjwa walikuwa wakionwa na daktari wa mjini kupitia skrini. Vikongwe wakawa wanakaa na makoti yao mbele ya skrini nyeusi, wakingoja jua. Na asubuhi moja mzee mkulima wa matufaha alipooza upande mmoja, mkewe akapiga simu ya gari la wagonjwa na simu haikuita, akatoka kwenye theluji kutafuta jirani mwenye gari. Mzee alifika hospitali akiwa hai, ila hakuzungumza tena sawasawa.

Habari hiyo ilipofika kiwandani, Sagawa alimwita Orikasa. Kijiti kilikuwa mdomoni.

"Tsurunuma kumechafuka. Kesho kutwa tunakwenda watatu. Mimi, wewe na mkosaji."

"Mkosaji ni nani, Mkuu?"

"Yule dada wa mashine ya kuvingirisha. Mvietnam. Aliivingirisha kebo kwa kuikaza mno, nyuzi zikabanana."

Orikasa alidhani hakusikia vizuri. "Mashine ile inajikaza yenyewe, Mkuu."

"Nani amekuuliza habari za mashine?" Sagawa alikitoa kijiti, akatazama kilichonasa, akakirudisha. "Wewe ni kichogo, Bwana Orikasa. Fanya kazi ya kichogo. Umfundishe yule dada kuinama, umfundishe na maneno. Na mkiwa kule umshike shingo umkandamize. Watu wa milimani wanapenda kuona mkono shingoni, ndiyo wanajua mkosaji ni yupi, roho zinatulia."

Mkono shingoni lilikuwa jambo la kawaida. Mkubwa humshika mdogo aliyekosa, akaisukuma shingo yake chini wakati wenzake wameinama, na kila aliye chumbani anaelewa lawama ni ya nani. Orikasa alikwishafanya hivyo mara nyingi, kwa madereva wazembe, kwa vijana wa mauzo waliochanganya oda. Hakuwahi kuishika shingo ya mtu asiye na kosa. Alitoka ofisini humo akaingia chooni, mlango wa jirani na meza yake, akanawa mikono mara mbili, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Dada huyo, Diep, alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Vinh, mwenye mikono myepesi na mdomo usiolala. Miaka yote aliyokaa kiwandani alikuwa akitafuta kibali cha kumleta binti yake, An, aliyeachwa kwa bibi yake akiwa bado ananyonya. Sasa kibali kilikuwa karibu. Mtoto angekuja Aprili, shule zinapofunguliwa, mradi tu kampuni iseme kwamba mama ni mfanyakazi mwema. Kampuni ikisema ni mkosaji, wa kufungasha ni Diep.

Walifanya mazoezi kantini, baada ya watu kula, sakafu ikinuka tambi na mafuta ya samaki.

"Mgongo sawa," Orikasa alisema. "Usiangalie vidole vyako. Angalia mahali pasipo na kitu."

"Bwana Orikasa, nimekosa nini?"

"Usiulize. Anayeuliza hainami vizuri."

"Kwetu watu tunawainamia waliokwisha kufa," Diep alisema, akainama. "Hawa wa Tsurunuma wamekufa?"

"Bado."

"Basi afadhali wao."

Orikasa akamfundisha maneno. Kosa ni langu, nilikaza mno, naomba mnisamehe. Diep akayarudia, lafudhi yake ikayapindua kidogo, akayarudia tena. Mara ya tatu aliinuka, akamkazia macho.

"Nikiyasema haya, An haji. Unajua, sivyo?"

"Najua."

"Na unanifundisha."

Orikasa aliokota kitambaa cha mezani, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu, na kitambaa chenyewe kilinuka.

Jioni Sumie aliandaa chakula, akamuuliza safari ni ya wapi, akaelezwa yote mpaka mwisho. Hakumkatiza, na hilo lenyewe lilikuwa geni.

"Baba," alisema alipomaliza kusikia. Ndivyo alivyomwita tangu binti yao azaliwe. "Yule dada amefanya nini?"

"Hakufanya kitu."

"Na wewe unakwenda kumkandamiza shingo."

"Nimeagizwa."

Sumie akachukua bakuli la mumewe la supu, akalihamishia upande wa pili wa meza, mbali na lake. "Miaka yote nimekutania na kichogo chako, lakini hukuwahi kunitia kinyaa," alisema. "Leo umenitia."

Walikula hivyo, kila mtu upande wake.

Wakapanda treni siku ya safari, kisha treni ndogo, kisha teksi kwenye theluji. Sagawa alilala njia nzima mdomo wazi, utando wa mate ukivimba na kupasuka kwenye pembe ya midomo yake. Diep alikuwa amefunga nywele kwa kibanio cha waridi cha mtoto. Orikasa alilipakata kwa mikono miwili lile sanduku kubwa, na harufu ya maharage ikapenya kwenye karatasi, kwenye koti, mpaka kooni.

Watu wa ofisi ya mji waliwapokea kwenye ukumbi wenye jiko la mafuta ya taa. Kulinuka makoti mabichi na mafuta. Mbele alisimama Mama Yonekura, mkuu wa huduma za jamii wa mji ule, mwanamke mfupi mwenye macho makavu. Nyuma yake walikaa watu kumi hivi, na mmoja wao alikuwa mke wa yule mzee wa matufaha, ameshika glavu zake mapajani kama anamshikia mtu.

Sagawa akakohoa, akaanza. Sauti yake ya kutubu ilikuwa tamu kupita ya kuagizia bia. Alisikitika, alihuzunika, alikosa maneno na bado akayapata mengi. "Kwa bahati mbaya," akasema, "mfanyakazi wetu huyu kutoka nje, ambaye hajazoea umakini wetu, aliivingirisha kebo kwa kuikaza kupita kiasi. Tumemleta mwenyewe awaombe radhi."

Macho yote yakamgeukia Diep. Hayakuwa macho ya chuki. Yalikuwa macho ya watu waliopewa mtu wa kumchukia na wanajitahidi. Hilo ndilo lililomchefua Orikasa kuliko jiko, kuliko maharage, kuliko kijiti cha Sagawa. Hata huzuni yao walikuwa wanakwenda kuibiwa.

Wakainama. Diep aliinama kama alivyofundishwa, mgongo sawa. Sagawa aliinamisha kichwa tu, kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Orikasa, katikati yao, aliweka sanduku chini na kuinama, kichogo chake chote nje. Upande wa kushoto alikiona kile kibanio cha waridi na shingo iliyokaza ikingoja mkono. Alisikia Diep akivuta pumzi ili aseme maneno.

Mkono wake ukainuka, ukaenda kulia.

Ukatua kwenye shingo ya Sagawa. Ilikuwa ya moto, imelowa, ina mafuta ya nywele na mkunjo mnene uliojaa jasho, na vidole vikazama humo. Mwili wote wa Orikasa ukasisimka kwa karaha, akatamani kuutoa mkono na kuufuta ukutani. Badala yake akakandamiza. Alikuwa amezisukuma shingo nyingi maishani, mkono ulijua pa kutilia uzito, na shingo ya Sagawa ikashuka mpaka miwani ikamdondoka.

Ukumbini hakuna asiyejua maana ya mkono shingoni.

"We! We, mimi siye!" Sagawa alinong'ona chini huko. "Upande wa pili!"

"Ndiye wewe, Mkuu," Orikasa alisema, naye akiwa bado ameinama. Kisha akapaza sauti. "Mama Yonekura, mkosaji wetu ni huyu niliyemshika. Kebo yake haikustahimili baridi, na alijua. Alikizuia chumba cha kupimia kisishuke mpaka baridi ya hapa kwenu. Alitusimulia mwenyewe tukiwa tunakula gyoza."

Sagawa akajichomoa, uso mwekundu, nywele zimesimama. Angeweza kukana. Angesema mzee huyu amerukwa na akili, na huenda wangemsadiki, maana yeye ndiye mwenye cheo na ndiye mwenye tai nzuri. Lakini kilichomuuma zaidi wakati ule si kushitakiwa. Kilichomuuma ni utovu wa adabu, kwamba mtu mzima, mfanyakazi wa miaka mingi, amevunja lile lisilovunjwa na yeyote.

"Hayo yalisemwa kwenye bia!" alifoka. "Bwana Orikasa, huna haya? Yalisemwa kwenye bia!"

Mama Yonekura alimgeukia.

"Kumbe yalisemwa," akasema.

Sagawa akapapasa sakafuni akitafuta miwani yake. Mke wa mzee wa matufaha aliinuka, akaanza kuvaa glavu zake moja moja, akatoka bila kumwangalia yeyote. Diep alikuwa amenyooka. Maneno aliyofundishwa hayakumtoka, na hakuna aliyemdai.

Kuhusu yaliyofuata, msitegemee kusikia kwamba haki ilitendeka kwa kila mtu. Kampuni iliomba radhi magazetini, kebo ikafukuliwa na nyingine yenye nafasi ikalazwa, mzee akabaki na mdomo wake uliopinda. Sagawa alihamishiwa kampuni dada, ndogo, akapewa kiti kikubwa zaidi. Orikasa aliombwa aombe kuacha kazi, akaomba. Siku yake ya mwisho, wale wale waliocheka kwenye gyoza walipita mezani kwake kwenda chooni wasimsalimie, wakarudi wasimsalimie. Alishukuru, maana mabega yake yalibaki makavu.

Ila Diep hawakumgusa. Waliogopa. Jina lake lilikwishasikika Tsurunuma nzima, na kumfukuza mtu asiye na kosa kungekuwa kukiri kosa la pili. Neno la kampuni, kwamba yeye ni mfanyakazi mwema, likatolewa haraka haraka.

Aprili, Jumapili moja, mlango ulibishwa. Diep alisimama nje na kitoto cha miaka saba, chembamba, sare mpya ya shule ikimpwaya, sanduku la karatasi limemzidi mikono. Bila shaka mama mtu alikuwa amemfundisha njia nzima. Msichana akaweka miguu pamoja, akalisukuma sanduku mbele, akaanza kuinama, kwa makini, mgongo sawa.

Hakufika chini. Orikasa alitanguliza kiganja chake, kikapokea paji la uso wake, likasimama hapo.

"Acha," alimwambia. "Hivyo hivyo inatosha. Simama."

An alimwangalia mama yake, kisha akasimama. Sumie, aliyekuwa nyuma ya mumewe, alijipangusa macho kwa aproni akasingizia vitunguu. Wakakaribishwa, wakakaa, sanduku likafunguliwa.

Ilikuwa yokan. Nyeusi, nzito, inang'aa.

"Kila safari nilikuwa nakuona umeibeba," Diep alisema, uso umemchanua. "Nikamwambia An, mzee huyu anapenda hii kuliko kitu chochote."

Mate yakamjaa Orikasa mdomoni. Sumie aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Msichana alikuwa ameweka mikono magotini, akingoja kuona kama zawadi yake imependwa.

Orikasa akachukua kisu, akajikatia kipande kinene, akala chote.